Hatua ya Shija

Barua imefika Nyegezi pamoja na ankara ya maji.
Shija Lugiko, aliyekalia dawati la dirishani,
lile lenye mguu mmoja wa tofali,
sasa yuko nchi ya baridi, chini ya ardhi,
katika handaki refu kama kutoka hapa hadi Mkuyuni,
anakimbiza elektroni.

"Mwalimu," anaandika, "unaukumbuka mchakamchaka?"

Naukumbuka. Saa kumi na moja na nusu, mawe yamelowa umande,
watoto mia nne wanamwagika mabwenini kama mtama,
kila mmoja na usingizi wake, kila mmoja na mguu wake,
mpaka Kulwa, kaka yake, aanzishe wimbo.
Wimbo haukuwapanga kwa fimbo.
Aliyetangulia ulimrudisha, aliyechelewa ulimsukuma,
na kadiri walivyopangika ndivyo ulivyokua,
na kadiri ulivyokua ndivyo walivyopangika,
hadi vioo vya ofisi yangu vikaitikia.

"Ndivyo hivyo. Sumaku kushoto, sumaku kulia,
elektroni zinayumba, zinatoa nuru,
nuru inazigeukia na kuzipanga vikundi vikundi,
kisha zote zinapiga mguu mmoja.
Hiyo ndiyo nuru ya kwanza. Sisi tuiite Kulwa.
Ina kishindo, lakini ni nene, Mwalimu.
Ninachokitafuta kinapita katikati ya vidole vyake."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikarudia.

Ndani ya kila hatua, anasema, mna hatua ndogo.
Doto, wa pili, hapiti barabara kuu:
ukimngoja mbele humwoni, anajitokeza pembezoni.
Anayekuja moja kwa moja ni wa tatu,
yule afuataye mapacha,
mwembamba mara tatu, na hafifu,
sehemu moja ya mia ya kishindo cha kaka yake.
"Sikumpa jina mimi. Alikuwa nalo."

Nilicheka peke yangu hata mlinzi akachungulia.

Sasa utamkuzaje mdogo
ilhali mkubwa anakomba chungu chote?
Si kwa kuongeza moto wa mashine.
Moto ni fedha, na kumbe fedha haitoshi hata huko.
Baada ya kila safu ya sumaku wanaweka kikwazo,
elektroni zichelewe theluthi ya hatua.
Theluthi tu.
Kulwa anajikwaa, mguu wake unashuka mahali pasipo wimbo.
Shija wala hajui kama kuna lililotokea:
theluthi ya kaka yake
kwake ni hatua nzima.

Hapo ndipo niliposimama.

Kwa maana kulikuwa na mtoto mchakamchakani
aliyepiga makofi matatu kwa kila mguu,
mepesi, kama mvua inayoanza juu ya bati,
nami nikamtoa mstarini. Anaharibu, nilisema.
Nikampa ufagio, akafagie chumba cha maabara
ambamo hamkuwa na maabara,
mlikuwa na kamba, saa ya ukutani na mimi.

Barua haitaji ufagio.

Inataja protini ya mnyoo wa kichocho,
fuwele ndogo kuliko chembe ya unga,
itakayopigwa picha kabla haijajua kuwa inavunjika.
Inaniuliza kama konokono wangali wengi Luchelele.
Wangali wengi. Nilikojoa damu nikiwa darasa la nne,
na mama alidhani nimekua.

Usiku umeme umekatika. Nimefunga kamba kwenye nondo ya dirisha,
nimeitikisa polepole, ikatoa tumbo moja pana.
Nikaigusa kwa kidole pale penye theluthi, bila kubana.
Tumbo kubwa likafa.
Yakabaki matatu madogo, yakitetemeka katika mwanga wa kibatari.

Nyuma ya ankara ya maji nimeandika: moja, tatu, tano.
Wa tano, kwetu, anaitwaje?
Sijui. Itanibidi nikamuulize mama yake Shija,
na nikiwa hapo, nimweleze habari ya ufagio.